Kutafuta Moto Katanga

Shaba huyeyuka katika joto la nyuzi 1,085, na joto kama hilo halipatikani bure. Kwa sababu hiyo historia ya Katanga, nchi ya shaba, ni historia ya kutafuta moto vilevile. Mawe yenye shaba yalikuwako tangu mwanzo, tena tele. Kilichokosekana mara kwa mara ni kitu cha kuwashia tanuru, cha kuendeshea gari moshi na cha kuzungushia mitambo.

Siku hizi twasikia habari nyingi za hidrojeni, gesi itolewayo katika maji kwa nguvu za umeme, ambayo ikiwaka haitoi moshi wala masizi, ila mvuke wa maji tu. Twaambiwa kwamba Kongo, yenye mto upitao mito yote ya Afrika kwa wingi wa maji, inaweza kuitengeneza gesi hiyo na kuipeleka ng'ambo. Msomaji wa Kolwezi au wa Likasi asiyachukue maneno hayo kana kwamba ni mambo mageni kabisa. Babu zake na baba zake waliona majaribio mengi ya moto wa namna mpya, na mengi kati ya hayo yalifaulu. Tuyatazame moja moja, na kila mara tuulize: moto huo ulijaribiwa kwa faida ya nani?

Tuanze na mafundi wa kale. Kabla Wazungu hawajafika, Wasanga na Wayeke waliyeyusha shaba katika tanuru zilizojengwa kwa udongo wa kichuguu. Habari zao ziliandikwa na Askofu Jean-Félix de Hemptinne, Mbenediktini aliyefika Katanga mwaka 1910 akiwa mkuu wa kwanza wa misioni ile, akafariki huko mwaka 1958. Mwaka 1926 alitoa maandishi juu ya wale walioitwa "walaji wa shaba". Kula shaba kulikuwa na maana ya kuishi kwa kazi hiyo na kupata mali kwayo. Tusifiche kwamba Askofu huyo alisimama karibu mno na serikali ya kikoloni na kampuni ya migodi, na Wakongo wengi hawamkumbuki kwa upendo. Lakini katika jambo hili alifanya kazi njema, maana asingeandika, ufundi ule ungepotea pamoja na wazee waliokuwa nao.

Kazi yenyewe ilifanywa wakati wa kiangazi, mavuno yakiisha. Wanaume walichimba, wanawake na watoto waliokota na kuchagua mawe ya kijani yaitwayo malakiti, wakiyaosha mtoni. Wengine walikata miti migumu ya msitu wa miyombo na kuichoma iwe makaa. Tanuru ilijazwa makaa na mawe, kisha mivukuto ya ngozi ikavutwa kwa zamu, hata shaba ikashuka chini kama maji mekundu. Ilimiminwa katika kalibu zenye umbo la msalaba. Msalaba huo haukuwa na uhusiano wowote na Msalaba wa Bwana wetu. Ulikuwako karne nyingi kabla ya mmisionari wa kwanza. Ulikuwa fedha ya nchi: kwa misalaba hiyo watu walinunua vitu na kulipa mahari. Mfalme Msiri, mwana wa Unyamwezi aliyetawala Bunkeya hata alipouawa mwaka 1891, alipeleka shaba hiyo mashariki na magharibi, na pamoja na misafara yake lugha yetu ya Kiswahili iliingia Katanga.

Angalia jambo moja katika kazi ile. Moto wake ulitoka msituni pale pale, na aliyeukata mti, aliyevuta mivukuto na aliyepokea msalaba wa shaba walikuwa watu wa kijiji kile kile. Mfalme alitwaa sehemu yake, naam, na haikuwa sehemu ndogo. Hata hivyo hesabu ya moto na hesabu ya mali zilikuwa katika kitabu kimoja, kama tungesema hivyo juu ya watu wasiokuwa na kitabu.

Kampuni ya Union Minière ilipoanza kazi, hesabu hizo zilitengana. Reli kutoka kusini ilifika Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, mwaka 1910, na tanuru kubwa ya kwanza ikatoa shaba mwezi Juni 1911. Tanuru hiyo haikuweza kulishwa kwa makaa ya miti. Ilitaka koki, yaani makaa ya mawe yaliyokaushwa kwa moto, na koki ilitoka Wankie katika Rhodesia ya Kusini, ambayo sasa ni Hwange ya Zimbabwe, safari ya zaidi ya kilometa 1,000 kwa reli. Reli ya jirani ikigoma, au bei ikipanda, tanuru ya Katanga ilikuwa mashakani. Wabelgiji walitafuta makaa ya mawe nchini mwao wenyewe, wakayapata Luena, karibu na Bukama. Yalifaa kwa viwanda vya saruji na kwa kazi nyingine, lakini hayakufaa kufanywa koki. Jaribio hilo likaishia nusu njia.

Reli ya Benguela, iliyounganisha Katanga na bandari ya Lobito katika Angola tangu mwaka 1931, ilikuwa na shauri jingine. Wenye reli hiyo walipanda mikaratusi kandokando ya njia yao, mashamba makubwa sana, na injini zao zilichoma kuni za mikaratusi hiyo kwa miaka mingi. Mti wa Australia ukapandwa Afrika ili kuivuta shaba ya Kongo hadi bahari ya Atlantiki! Wataalamu wa leo hunena juu ya nishati inayoota tena, nao watu wa Benguela walikwisha kuipanda kwa jembe.

Sasa tuondoke Katanga kidogo, twende Ubelgiji, maana huko ndiko yalikofanyika majaribio ya ajabu kuliko yote juu ya mafuta ya Kongo, na ni wachache sana wanaoyajua.

Wasomaji wanajua kwamba injini ya dizeli ina jina la Rudolf Diesel, Mjerumani. Katika maonyesho makubwa ya Paris ya mwaka 1900, injini moja ya namna hiyo iliendeshwa kwa mafuta ya karanga, na watazamaji hawakutambua tofauti yoyote. Serikali ya Ufaransa ndiyo iliyolitaka jambo hilo, ikifikiri kwamba makoloni ya Afrika yangeweza kuendesha mitambo kwa mazao yao wenyewe pasipo kuagiza mafuta kutoka mbali. Wazo lilikuwa zuri, lakini mafuta ya mimea yana shida: ni mazito. Mama yeyote ajua jinsi mawese yanavyoganda katika chupa asubuhi ya baridi. Huko Kolwezi, mahali palipo juu ya meta 1,400 toka usawa wa bahari, usiku wa mwezi Juni na Julai una baridi kali; dereva angeyakuta mafuta yake yameganda kama samli, na mabomba ya injini yamezibwa.

Mwaka 1937 Profesa G. Chavanne wa Chuo Kikuu cha Brussels alipata hataza ya Ubelgiji yenye namba 422,877 kwa dawa ya shida hiyo. Alichanganya mawese na spiriti, yaani kile kileo kilichomo katika pombe kali, akatia tindikali kidogo na kupasha moto. Mawese yakagawanyika: glisirini ikajitenga, na yaliyobaki yakawa mafuta mepesi, yasiyoganda upesi, yanayoweza hata kuchanganywa na dizeli ya kawaida. Wataalamu wanasema kwamba hayo ndiyo maandishi ya kwanza duniani juu ya yale ambayo leo huitwa biodizeli.

Haikuishia katika chupa za maabara. Katika majira ya joto ya mwaka 1938, basi la abiria lilipita kati ya Brussels na Louvain likiendeshwa na mafuta hayo ya mawese. Watu walipanda, wakalipa nauli, wakashuka, kama siku nyingine zote. Waliolisimamia waliridhika nalo. Habari kamili ya majaribio ilichapishwa mwaka 1942 katika jarida la kilimo la Kongo ya Kibelgiji, pamoja na vipimo vya jinsi mafuta yanavyowaka upesi ndani ya injini: mafuta ya mawese yalipata kipimo cha 83 hivi, ambapo dizeli zilizolinganishwa nayo zilipata 50 na 57 na nusu. Kwa maneno mengine, yalishinda.

Basi kwa nini leo hatuoni malori ya Kolwezi yakinukia mawese? Vita vikaisha, mafuta ya petroli yakawa rahisi, na hakuna tajiri aliyetaka kujenga kiwanda. Lakini iko sababu nyingine ambayo wahandisi hawakuiandika katika vipimo vyao. Chikichi za Kongo hazikuanguka zenyewe katika mapipa. Kampuni ya Lever ilipewa nchi kubwa ya michikichi mwaka 1911, na watu walipandishwa miti ile kwa nguvu na kwa malipo duni. Mwaka 1931 Wapende wa Kwango waliasi, na taabu za chikichi na kodi zilikuwa miongoni mwa sababu zao. Askari wakawaua wengi. Lile basi la Louvain lilikuwa safi pale lilipopita. Ukifuata mawese yake nyuma hadi mtini, unamkuta mtu aliye juu ya mchikichi bila hiari yake. Mtu huyo hakupewa kipimo katika jarida.

Wakati wa vita vile vya pili vya dunia petroli ilikuwa haba, na hapo likaja jaribio ambalo wazee walilifahamu kwa macho: gazojeni. Ilikuwa pipa la chuma lililofungwa juu ya lori. Ndani uliwekwa moto wa makaa, ukapewa hewa kidogo tu, usiweze kuwaka sawasawa. Moto uliobanwa namna hiyo hutoa gesi ambayo nayo yaweza kuwaka. Gesi ikapitishwa katika chujio, kisha ikaingia katika injini mahali pa petroli. Ulaya malori na motokaa mamia ya maelfu yaliendeshwa hivyo, na Kongo pia gazojeni zilitumika. Dereva aliamka mapema kuwasha pipa lake, akangoja, akachokonoa majivu, akapata nguvu iliyopungua sana kuliko ile ya petroli. Mlimani abiria walishuka kusukuma. Tena gesi ile ni sumu. Aliyeivuta mahali palipofungwa aliweza kulala asiamke.

Lakini nataka msomaji ajue kilichokuwamo ndani ya gesi ile. Unyevu uliomo katika makaa na katika hewa, ukipita juu ya makaa mekundu, huvunjika: oksijeni yake hushikwa na makaa, na hidrojeni hubaki huru. Kwa hiyo katika lile pipa la masizi, juu ya lori la vumbi, mlikuwamo hidrojeni kidogo ikisaidia kuzungusha magurudumu. Watu wa miaka ya 1940 waliisafiria hidrojeni bila kuiita kwa jina lake.

Neno moja kabla hatujaendelea. Katika mambo ya moto mpya, Kanisa nalo halikukaa nje likitazama. Katika Chuo Kikuu cha Lovanium, chuo cha Kikatoliki huko Kinshasa, padre Luc Gillon, aliyekuwa mtaalamu wa fizikia na mkuu wa chuo, alisimamia kujengwa kwa tanuru ya nguvu za atomu iliyoanza kazi mwaka 1959, ya kwanza katika Afrika yote. Ilikuwa ndogo, ya kufundishia na ya utafiti. Urani ya Katanga, iliyochimbwa Shinkolobwe karibu na Likasi, ilikuwa imekwisha kusafiri mbali zaidi kwa kazi ya kutisha zaidi: sehemu kubwa ya urani iliyotumiwa na Wamarekani kutengeneza mabomu yao ya mwaka 1945 ilitoka katika shimo hilo. Hata moto huo basi ulitoka Katanga, na watu wa Hiroshima ndio waliouona.

Moto ulioishinda mioto mingine yote katika Katanga ni maji. Kampuni ilijenga bwawa la Mwadingusha juu ya mto Lufira, likaanza kutoa umeme mwaka 1930, na ziwa Tshangalele likazaliwa mahali palipokuwa nchi kavu. Koni ilifuata mwaka 1950. Kisha wahandisi wakaugeukia mto Lualaba wenyewe, karibu na Kolwezi, mji ulioanza kujengwa mwaka 1937 kwa ajili ya migodi ya magharibi: Nzilo ikaanza mwaka 1952 na Nseke mwaka 1956. Nzilo ilikuwa na nguvu ya megawati 108, na Nseke zaidi ya mara mbili ya hapo. Umeme ukawa mwingi hata kampuni ikawauzia majirani: tangu mwaka 1956 waya ulivuka mpaka kwenda migodi ya Rhodesia ya Kaskazini, yaani Zambia ya leo. Nchi iliyokuwa ikiomba koki kusini sasa ilipeleka nguvu kusini!

Reli nayo ikafuata. Mwaka 1952 kipande cha kati ya Jadotville, ndiyo Likasi, na Tenke kilianza kuendeshwa kwa umeme wa namna ile ile itumikayo viwandani. Siku hizi jambo hilo ni la kawaida. Wakati ule lilikuwa jaribio, maana wataalamu wengi wa Ulaya walishikilia kwamba reli hutaka umeme wa namna yake peke yake. Wafaransa walikuwa ndiyo kwanza wanaipima njia hiyo mpya milimani Savoie tangu mwaka 1950. Njia hiyo ndiyo iliyoenea baadaye duniani, na Katanga ilikuwa miongoni mwa mahali pa kwanza palipoionyesha ikibeba mizigo ya kweli, si mifuko ya mchanga ya majaribio. Haya yasahauliwe na nani? Watu wa Kolwezi wayasimulie kwa watoto wao.

Ndipo twafika kwenye kiwanda cha Luilu, kilichofunguliwa Kolwezi mwaka 1960, mwaka ule ule wa Uhuru. Katika kiwanda hicho shaba na kobalti havikutolewa kwa moto wa tanuru, bali kwa umeme. Mawe husagwa, huyeyushwa katika tindikali, na maji yale yenye rangi hutiwa katika mabirika marefu yaliyotundikwa mabamba. Umeme ukipita, shaba hujibandika kwenye bamba. Upande mwingine oksijeni hutoka kwa mapovu, ikirusha ukungu wa tindikali ambao mfanyakazi wa mabirika huujua vema kooni mwake. Kobalti ni kaidi zaidi. Inapojibandika, sehemu ya umeme hupotea ikiyapasua maji yenyewe, na hidrojeni hutoka kwenye bamba. Wahandisi hawakuifurahia. Waliiona kuwa hasara ya umeme na hatari ya moto, wakaiacha ipande juu na kutoka nje pamoja na hewa.

Kwa hiyo anayesema kwamba hidrojeni itakuja Kolwezi siku moja, na aambiwe kwamba ilianza kutoka Kolwezi, povu kwa povu, zaidi ya miaka 60 iliyopita. Katika miaka hiyo jina la nchi lilibadilika, na jina la kampuni pia: Union Minière ilitwaliwa na serikali mwaka 1967 na kuzaa Gécamines, na Katanga yenyewe iliitwa Shaba, kwa neno letu la Kiswahili, toka mwaka 1971 hadi 1997. Tangu mwaka 2015 Kolwezi ni makao makuu ya jimbo la Lualaba.

Wakati wa jina hilo la Shaba ulijengwa waya mrefu kutoka mabwawa ya Inga, karibu na bahari, hadi Kolwezi: kilometa 1,700 hivi. Ulianza kazi mapema katika miaka ya 1980. Umeme husafiri humo kwa namna ambayo si rahisi kuudokoa njiani. Unashuka Kolwezi, kwenye kituo kikubwa cha kuugeuza, kisha unaingia migodini. Chini ya waya huo, tangu Kongo ya Chini hadi Lualaba, viko vijiji vingi ambavyo wakazi wake wamezaliwa, wameoa na wamezikwa wakiziona nguzo tu. Katika Kongo nzima ni mtu mmoja hivi kati ya 5 aliye na umeme nyumbani.

Na sasa hidrojeni imerudi, safari hii kwa jina lake. Mwaka 2021 kampuni ya Fortescue ya Australia ilitangaza nia ya kujenga mabwawa makubwa ya Inga, yawezayo kutoa megawati 40,000 na zaidi, na kuutumia umeme huo kutengeneza hidrojeni. Mwaka 2022, huko Mogalakwena, Afrika Kusini, kampuni ya Anglo American ilionyesha lori la mgodini linaloendeshwa kwa hidrojeni na betri, lenye uwezo wa kubeba tani 290. Rais Ramaphosa alihudhuria. Lori la namna hiyo lingefaa sana katika mashimo ya Kolwezi, ambayo hunywa dizeli usiku na mchana. Sina neno baya juu ya mashine hiyo. Anayeishi kando ya shimo atapumua vizuri zaidi moshi ukipungua.

Lakini tuhesabu. Kutoa kilo 1 ya hidrojeni katika maji kunataka umeme wa kilowati-saa 50 hadi 55, na maji lita 9. Kilo hiyo ina nguvu ya kilowati-saa 33 ndani yake, na ukiirudisha kuwa umeme ndani ya lori wapata nusu ya hizo, au kidogo zaidi. Yaani watia 3, wapata 1. Mwenye umeme wa kumwaga aweza kukubali hasara hiyo. Asiye nao afikiri kwanza. Jirani zetu wa Zimbabwe walikuwa na kiwanda cha mbolea cha Sable, huko Kwekwe, kilichotoa hidrojeni katika maji kwa umeme tangu miaka ya 1970. Kilifanya kazi kweli, si maonyesho. Mwaka 2015 mtambo huo ulizimwa, kwa kuwa nchi haikuwa tena na umeme wa kutosha wala wa bei nafuu. Na katika Lualaba ya leo migodi yenyewe hulalamika kwamba umeme hautoshi. Wananunua Zambia, wanawasha majenereta ya dizeli. Wale waliouza nguvu kusini mwaka 1956 wamerudi kununua kusini.

Pamoja na hayo yote, uko moto mmoja ambao haujawahi kujaribiwa kwa bidii, nao ni moto wa jikoni. Nenda barabara yoyote iingiayo Kolwezi alfajiri, utakutana na baiskeli zinazosukumwa, kila moja imebeba mifuko ya makaa iliyopita kichwa cha mwenye kuisukuma. Huko husema makala, si makaa, na jiko lake huitwa mbabula. Makaa hayo huchomwa katika matanuru ya udongo msituni, kwa ufundi usiotofautiana sana na ule wa walaji wa shaba, na katika kilo 100 za kuni kavu hupatikana kilo 10 hadi 20 tu za makaa. Miyombo inazidi kuwa mbali na mji. Papa Fransisko, alipofika Kinshasa Januari 2023, aliukemea wazi ukoloni wa kiuchumi unaoinyonya Afrika; mwenye kusukuma baiskeli ile hakuhitaji kufafanuliwa maneno hayo.

Tukumbuke kwamba mahali hapa pametoa karibu 70 kwa mia ya kobalti ya dunia, ikiwa twahesabu Kongo nzima, na kobalti hiyo yatiwa katika betri za motokaa za umeme za nchi za mbali. Motokaa ya Oslo yaenda bila moshi. Maharagwe ya Kolwezi yachemka kwa moshi.

Je, maharagwe hayo yaweza kupikwa kwa umeme na mtu wa kipato kidogo? Jambo hilo limepimwa, si Ulaya bali hapa hapa. Mwishoni mwa miaka ya 2010 shirika la TaTEDO la Dar es Salaam lilizipa familia sufuria za umeme zenye kifuniko cha kubana mvuke, zikaandika kila siku zilichopika na umeme uliotumika. Kenya na Zambia zilifanya vivyo hivyo. Ilionekana kwamba chungu cha maharagwe hakihitaji hata kilowati-saa 1, kwa kuwa sufuria hiyo haipotezi joto kama mbabula. Hesabu hiyo iwekwe kando ya ile ya lori: umeme unaotoa kilo 1 ya hidrojeni ungepika vyungu zaidi ya 50 vya maharagwe.

Nzilo iko karibu na Kolwezi. Jaribio la namna ya TaTEDO laweza kufanywa katika mtaa mmoja wa mji huo, nyumba 100, mwaka mmoja, kiangazi na masika, kwa fedha zisizofika bei ya magurudumu ya lori moja la mgodini. Wenye mabwawa watoe waya na mita. Parokia ina jumuiya ndogondogo, zenye akina mama wanaojua kila nyumba inatumia mifuko mingapi ya makala kwa mwezi, wao waandike. Viwepo vitabu viwili, cha umeme na cha makaa, na vifunguliwe mbele ya watu wote mwaka ukiisha.